Gamba la chaza linakumbukaje joto la bahari ya kale?

Swali lililonifikia ni hili: "Habari za kazi mtaalamu. Nimesoma kwamba wanasayansi walichukua gamba moja la chaza wa miaka milioni 70 iliyopita wakasema bahari aliyoishi ilipita nyuzi 40 za joto wakati wa kiangazi, na kwamba mwaka wa zama zile ulikuwa na siku 372. Mimi ninavyojua gamba ni chokaa tu. Chokaa inakumbukaje joto? Na limekaa ardhini miaka milioni 70, mnajuaje halijaharibika? Naomba unieleze taratibu, kemia niliiacha shuleni."

Salama kabisa ndugu yangu, na shukrani sana, hasa kwa hilo la pili, manake watu wengi wakishaambiwa gamba linapima joto wanaridhika hapo hapo, kumbe kupima ni kazi ya siku moja na kuthibitisha kwamba ulichopima ni cha kweli ni kazi ya miezi. Nitajibu yote ila nivumilie, jibu ni refu, na hilo la siku 372 nitaliweka mwisho kwa sababu linahitaji mengine yote yatangulie.

Tuanze na hiyo chokaa. Gamba ni kalsiamu kaboneti, yaani kalsiamu moja, kaboni moja na oksijeni tatu, na hapo uko sahihi kabisa, ni chokaa kama chokaa nyingine. Ila angalia inavyojengwa. Chaza hapati gamba lake kwa mkupuo, analijenga kidogo kidogo maisha yake yote. Kuna utando laini unaofunika mwili wake kwa ndani, na kati ya huo utando na gamba kuna kimiminika chembamba sana, na humo ndimo fuwele za chokaa zinaota juu ya vijiutando vya protini, tabaka juu ya tabaka, na ukubwa unaongezeka pale ukingoni. Na kikishajengwa kimejengwa. Mfupa wako wewe unabomolewa na kujengwa upya kila wakati, kwahiyo mfupa wa mtu mzima hauna tena habari za utoto wake, lakini gamba hapana, ile sehemu ndogo ya juu karibu na bawaba ni ile ile aliyoijenga akiwa mchanga na ukingo ndo alioujenga wiki ya kufa. Maisha yote yapo pale yamepangwa kwa mfuatano.

Sasa oksijeni. Oksijeni zote hazina uzito sawa. Ukichukua atomu 1000 za oksijeni, kama 998 hivi ni nyepesi, tunaziita oksijeni 16, na 2 hivi ni nzito, oksijeni 18 (kuna 17 pia ila ni chache mno, tuiache). Zinafanya kazi ile ile, unazivuta zote kwa pumzi moja, ila ile nzito inatikisika polepole zaidi na ikishashikana na kaboni haibanduki kirahisi. Kwahiyo chokaa inapojengeka ndani ya maji inakuwa na upendeleo kidogo, inachukua oksijeni 18 kwa kiwango kikubwa kuliko kilichomo kwenye maji yenyewe. Na huo upendeleo unafuata joto. Maji yakiwa baridi upendeleo ni mkubwa, maji yakipata moto kila kitu kinatikisika kwa nguvu na upendeleo unapungua. Basi, hiyo ndo kumbukumbu yenyewe, gamba lililojengwa kwenye baridi lina oksijeni nzito nyingi kidogo kuliko lililojengwa kwenye joto.

Nasema kidogo na namaanisha kidogo kweli. Joto likibadilika kwa nyuzi 4 hivi, kiwango cha oksijeni nzito kinabadilika kwa sehemu moja tu kwa elfu. Mtu aliyekaa akapiga hesabu akaona inawezekana ni Harold Urey wa Chuo Kikuu cha Chicago, ambaye tayari alikuwa na Nobel ya kemia ya mwaka 1934 kwa kugundua haidrojeni nzito. Hesabu zake alizitoa 1947, na wakati huo hakukuwa na mashine yenye uwezo wa kuona tofauti ndogo namna hiyo, ikabidi waiboreshe ile iliyokuwepo. Wenzake, Samuel Epstein, Heinz Lowenstam na wengine, wakachukua magamba yaliyoota kwenye maji yenye joto linalojulikana, mengine ni ya wanyama waliotobolewa gamba makusudi wakaachwa wazibe lile tundu ndani ya tangi la joto moja, halafu wakapima chokaa ya kiraka. Kufikia 1953 walikuwa na fomula kamili ya kugeuza oksijeni kuwa joto, na tunazotumia leo ni wajukuu wa ile.

Lakini kabla hata ya hiyo fomula kukaa sawa, mwaka 1951 walitoa kitu ambacho mimi kila nikikisoma nasisimka. Walichukua belemnaiti, huyu ni ndugu wa mbali wa ngisi aliyetoweka, alikuwa na kitu kigumu ndani ya mwili chenye umbo la risasi, kimejengwa kwa duara juu ya duara kama mti. Huyu alitoka kisiwa cha Skye, Uskoti, wa kipindi cha Jura, takribani miaka milioni 150 iliyopita. Wakakwangua duara moja baada ya jingine kutoka nje kuelekea katikati wakapima kila moja. Joto likapanda, likashuka, likapanda, likashuka. Wakahesabu majira ya joto matatu na ya baridi manne baada ya utoto wake, na wakasema alikufa majira ya kuchipua akiwa na umri wa kama miaka minne. Mnyama ambaye hamna binadamu aliyewahi kumwona hai, na tunajua alikufa msimu gani!

Belemnaiti mwingine, wa jiwe la Peedee kule South Carolina, Marekani, unga wake ndo ulifanywa sifuri ya vipimo vyote, kila maabara duniani ikilinganisha gamba lake na yeye. Unga wenyewe uliisha zamani, siku hizi tunatumia mawe mengine yaliyopimwa kufuatana na ule, ila jina la Peedee limebaki kwenye kila grafu utakayoiona.

Hebu nikuonyeshe inavyokuwa mezani. Gamba unalikata kwa msumeno wa almasi kutoka bawaba mpaka ukingoni, unaling'arisha mpaka linakuwa kama kioo, na ukiliweka chini ya hadubini unaona mistari ya ukuaji, mingine imeachana, mingine imebanana. Unachukua kidrili chembamba kama cha daktari wa meno na unapita nacho polepole kufuata mstari mmoja. Unga unaotoka ni kidogo mno, kama mikrogramu 50 hivi, yaani uzito wa punje moja ya chumvi, na huo unatosha. Unauzoa na wembe, unasafisha kila kitu, unasogea mbele nusu milimita, unarudia. Ukipiga chafya umepoteza sampuli, na nimeshapoteza. Halafu unga unaingizwa kwenye kichupa, unadondoshewa asidi ya fosfori, chokaa inatoa povu la kaboni dioksaidi, na hiyo gesi ndo inaingia kwenye spektromita ya kupima masi ambayo inapeperusha molekuli za gesi hiyo kwenye sumaku, nyepesi zinakata kona kali na nzito zinakata kona pana, na kompyuta inahesabu ngapi zimefika wapi. Ukimaliza gamba moja una nukta mia na zaidi, ukiziunganisha unapata wimbi, na kila wimbi ni mwaka. Kama juu na chini ya wimbi vinatofautiana kwa mbili kwa elfu, basi maji ya kiangazi na ya baridi yalitofautiana kwa nyuzi 8 au 9.

Hapo ndipo wengi wanapofungia mjadala na hapo ndipo mimi naanza kuwa na wasiwasi. Kwa sababu oksijeni ya gamba haitegemei joto peke yake, inategemea pia maji yenyewe yalikuwa na oksijeni nzito kiasi gani. Una kipimo kimoja na vitu viwili usivyovijua. Maji ya mvua na ya mito yana oksijeni nzito pungufu, kwa sababu maji yanapopaa kutoka baharini nyepesi ndo zinaruka kirahisi, na wingu likisafiri nzito ndo zinatangulia kudondoka. Kwahiyo chaza aliyeishi karibu na mdomo wa mto, msimu wa mafuriko gamba lake litaonekana kama limeungua joto, kumbe ni maji baridi ya mto yamemfikia. Na kinyume chake, ghuba iliyofungwa ambayo maji yake yanakauka kwa jua inabaki na nzito nyingi, na gamba litaonekana la baridi wakati mnyama alikuwa anachemka.

Kosa hilo limewahi kuwa kubwa kuliko ghuba moja. Mwaka 1955 Cesare Emiliani alipima foraminifera, hawa ni viumbe wa seli moja wenye vigamba vidogo kama punje za mchanga, kutoka kwenye matope yaliyochimbwa chini ya bahari kuu, akaona mawimbi makubwa ya zama za barafu na akasema sehemu kubwa ya mawimbi hayo ni joto kupanda na kushuka. Miaka 12 baadaye, 1967, Nicholas Shackleton akapima wale foraminifera wanaoishi sakafuni kabisa mwa bahari, akakuta mawimbi yanakaribiana ukubwa na ya wale wanaoishi karibu na uso wa bahari. Sasa fikiria mwenyewe, maji ya sakafuni tayari ni baridi karibu ya kuganda, hayana pa kushuka tena, sasa hilo wimbi kubwa limetoka wapi? Ni barafu. Theluji inayojikusanya nchi kavu imetengenezwa na oksijeni nyepesi, ikishafungiwa kule bahari inabaki na nzito. Kwahiyo Emiliani sehemu kubwa alikuwa anapima kiasi cha barafu duniani bila kujua, na ikawa faida kubwa zaidi, kwa sababu leo tunafuata kupanda na kushuka kwa barafu ya dunia kwa mamilioni ya miaka kupitia vigamba ambavyo huvioni vizuri kwa macho matupu.

Kuna njia mbili za kutoka kwenye mtego huo. Ya kwanza ni kutafuta kitu kingine ndani ya gamba lile lile kinachofuata joto bila kujali oksijeni ya maji, na kwa foraminifera kitu hicho ni magnesiamu, inaingia kwenye nafasi ya kalsiamu na inaongezeka kama asilimia 9 kwa kila nyuzi moja ya joto. Kwa foraminifera inafanya kazi vizuri. Kwa chaza na kome mimi siiamini, nasema wazi, manake mnyama mwenyewe anachagua magnesiamu aingize kiasi gani kutegemea umri wake, kasi ya kukua, hata afya, na ukiwaweka hao wawili kwenye tangi moja watakupa majibu mawili. Mtu akiniletea joto la bahari ya kale kwa magnesiamu ya chaza peke yake namrudisha akatafute ushahidi mwingine. Kwa bahati nzuri kwenye oksijeni chaza wengi hawaingilii sana, wanaiacha ifuate maji.

Njia ya pili ndo mapinduzi ya umri wangu. John Eiler na wenzake pale Caltech, chuo kikuu cha California, Marekani, walionyesha mwaka 2006 kwamba unaweza kuangalia atomu nzito zilizokaa pamoja, yaani ndani ya kipande kimoja cha kaboneti, kaboni nzito na oksijeni nzito zimeshikana zenyewe kwa zenyewe. Maji yakiwa baridi zinapenda kukaa pamoja kuliko bahati nasibu ingezipanga, joto likipanda zinatawanyika. Hapo huulizi maji yalikuwa na oksijeni gani, unauliza tu zilizomo ndani ya gamba zimepangwaje, kwahiyo joto linapatikana peke yake, halafu unarudi na hilo joto kwenye ile fomula ya zamani na unapata hata aina ya maji aliyoishi mnyama. Gharama yake ni unga mwingi zaidi, miligramu kadhaa badala ya ile punje ya chumvi, na masaa mengi ya mashine kwa sampuli moja, ndo maana hatuwezi kuitumia kila nusu milimita. Kwa njia hiyo mwaka 2011 walipima brakiopodi (wanyama wa bahari wenye magamba mawili kama chaza) na matumbawe wa kisiwa cha Anticosti, Kanada, wa mwisho wa kipindi cha Odovisi, miaka milioni 445 hivi iliyopita, wakakuta bahari ya tropiki ilikuwa nyuzi 32 hadi 37 halafu ikapoa kwa kama nyuzi 5 kwa muda mfupi, na wakati huo huo barafu ikatanda na viumbe wengi wa bahari wakatoweka.

Haya, sasa swali lako la pili, nililosema ndo kubwa. Tunajuaje halijaharibika?

Jibu la kweli ni kwamba mengi yameharibika. Gamba likizikwa linapitiwa na maji ya ardhini, linapata joto, linabanwa, na chokaa inaweza kuyeyuka na kuganda upya pale pale bila umbo kubadilika hata kidogo. Unaweza kushika gamba zuri lenye mistari yote, kumbe ndani ni chokaa mpya kabisa yenye oksijeni ya maji ya kisima. Tuna bahati moja, chokaa ya magamba iko ya aina mbili, aragonaiti na kalsaiti, kemia ni ile ile ila fuwele zimepangwa tofauti, na aragonaiti haijatulia, ikiguswa guswa inageuka kalsaiti na hairudi tena ilikotoka. Kwahiyo mnyama ninayejua alijenga kwa aragonaiti, mfano amonaiti (ndugu mwingine wa ngisi aliyetoweka, mwenye gamba lililojikunja), nikimkuta bado ni aragonaiti kwa eksirei, tena ule mng'ao wa lulu wa rangi rangi bado upo, napumua. Nikimkuta ni kalsaiti namweka pembeni, hata awe mzuri vipi.

Kwa wale wa kalsaiti tangu mwanzo, kama belemnaiti, hiyo njia haifai, tunatumia manganizi, aina ya metali. Maji ya ardhini yasiyo na hewa huwa na manganizi na chuma, bahari wanamoishi hawa ina kidogo sana, na strontiamu, metali nyingine, ni kinyume chake, bahari inayo na ikiguswa inapungua. Na manganizi ina tabia moja nzuri, ukiipiga kwa miale ya elektroni inang'aa rangi ya chungwa. Nakumbuka gamba moja nililokuwa nimelikata mwenyewe, jeupe, safi, mistari inahesabika, nikalipenda mno na nikawa nishachora kichwani jinsi grafu itakavyokuwa. Tukalizimia taa na kuliwasha hiyo miale, likawaka chungwa tupu kutoka ukingo hadi ukingo, kama kaa la moto, isipokuwa ukanda mwembamba katikati uliobaki giza. Siku tatu za kazi. Lakini ule ukanda wa giza tuliuchimba, na ulikuwa na majibu tofauti kabisa na sehemu iliyowaka, na hapo ndo niliacha kuamini macho yangu kwenye kazi hii.

Kuna na kipimo kingine ambacho hakihitaji mashine, nacho ni wimbi lenyewe la misimu. Maji ya ardhini hayajui kiangazi wala baridi, yakipita yanafuta wimbi na kuacha mstari ulionyooka. Nikiona misimu imekaa vizuri, mwaka wa kwanza mpana, unaofuata mwembamba kwa sababu mnyama anazeeka na ukuaji unapungua, na mawimbi yanakwenda sawa na mistari ninayoiona kwa macho, ni vigumu sana uharibifu uigize hivyo. Kipimo cha atomu zilizoshikana nacho kina ugonjwa wake, jiwe likikaa mamilioni ya miaka kwenye joto la zaidi ya nyuzi 100 chini ya ardhi, atomu zinajipanga upya ndani ya fuwele bila hata maji kugusa, kwahiyo lazima ujue mwamba ulizikwa kina gani.

Uone hili lina uzito gani, kwa miaka mingi foraminifera wa zama za joto, kama za Yosini (kati ya miaka milioni 56 na 34 hivi iliyopita), walikuwa wanatupa jibu la ajabu, ncha za dunia zina joto lakini tropiki ni ya ubaridi kuliko leo. Watu walihangaika kutengeneza nadharia za mikondo ya bahari kueleza hilo. Kumbe vigamba vyenyewe vilivyochimbwa bahari kuu vilikuwa vimeganda upya pale sakafuni, kwenye maji baridi, vikachanganya joto la juu walikoishi na baridi la chini walikozikwa. Mwaka 2001 Paul Pearson na wenzake walitumia foraminifera waliozikwa kwenye udongo mfinyanzi usiopitisha maji, wakiwemo wa pwani ya kusini ya Tanzania, na hao chini ya hadubini walikuwa wanapitisha mwanga kama kioo wakati wale wa bahari kuu ni weupe kama chaki. Joto likatoka nyuzi 28 hadi 32 kwa uchache, tropiki ya moto kama inavyotakiwa. Fumbo la miaka yote lilikuwa ni chokaa mbovu.

Gamba linasema pia habari za mnyama mwenyewe, si za maji tu. Nautilasi wa leo, ndugu wa ngisi mwenye gamba lililojikunja, ukipima gamba lake kuanzia katikati, kuna mahali oksijeni inaruka ghafla kuelekea baridi, hapo ndo alipototolewa kwenye yai lililokuwa kwenye maji ya uvuguvugu akashuka kina kirefu. Kwa amonaiti tunatafuta mruko kama huo. Na kaboni nayo ina lake, mwaka 2012 Neil Landman na wenzake walipima amonaiti wa South Dakota wa mwisho wa kipindi cha Kretasia, waliokutwa mahali ambapo methani ilikuwa inafuka kutoka sakafu ya bahari. Kaboni ya methani ni nyepesi kupita kawaida, na magamba yao yalikuwa na wepesi huo huo, maana yake walikuwa wanaishi pale pale kwenye chemchemi za gesi, wamekua pale, hawakupita tu njia wakafia pale. Boroni inatupa uchachu wa maji, na kupitia hiyo tunajua bahari ilichacha miaka milioni 56 iliyopita wakati kaboni nyingi ilipomwagika angani. Strontiamu inatupa umri, kwa sababu uwiano wa isotopu zake (yaani atomu zake nyepesi na nzito, kama zile za oksijeni) ni mmoja kwenye bahari zote kwa wakati mmoja na unabadilika polepole kadiri miaka inavyokwenda.

Sasa chaza wako. Anaitwa Torreites sanchezi, wa kundi la rudisti, walikuwa wanasimama wima kama ndoo yenye kifuniko na wanajenga miamba kama matumbawe, na walitoweka pamoja na dinosaria. Huyu alitoka kwenye milima ya Oman, ambayo wakati ule ilikuwa sakafu ya bahari ya kina kifupi ya tropiki, na utafiti wake ulitoka 2020, kiongozi akiwa Niels de Winter. Alikuwa kalsaiti iliyohifadhika vizuri mno. Badala ya drili walitumia leza inayotoboa vitundu vya mikroni chache (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita) na kupima magnesiamu na strontiamu ndani yake, wakapata vipimo vinne hadi vitano kwa kila siku ya maisha ya mnyama. Unakumbuka nimesema siiamini magnesiamu ya chaza kwa joto? Hapa hawakuitumia kwa joto, waliitumia kuhesabu, manake kila siku ina tabaka lake, mchana gamba lilikua haraka na usiku polepole, na ndo maana wanaamini alikuwa na mwani ndani ya mwili wake unaomlisha kwa jua kama chaza wakubwa wa kwenye matumbawe ya leo.

Mwaka mmoja waliutambua kwa mawimbi ya misimu niliyokueleza, mnyama aliishi zaidi ya miaka tisa, na katikati ya wimbi moja na jingine wakahesabu tabaka za siku, zikatoka 372. Urefu wa mwaka wenyewe haujabadilika, dunia inazunguka jua kwa muda ule ule, kwahiyo ukigawa masaa ya mwaka kwa 372 kila siku inapata masaa 23 na nusu. Dunia ilikuwa inajizungusha haraka zaidi, na tangu hapo mwezi umekuwa ukiipunguza kasi kwa kuvuta maji kupwa na kujaa, na wenyewe unasogea mbali, kwa sasa ni sentimita 3.8 kwa mwaka, hiyo tunaipima kwa leza inayogonga vioo vilivyoachwa kule na wanaanga wa Apollo.

Na hizo nyuzi 40 zimetokana na isotopu, kiangazi zaidi ya 40 na majira ya baridi zaidi ya 30. Ukiniuliza kama naziamini, nakurudisha kwenye ghuba na mto: kama maji yake yalikuwa yanakauka kwa jua, kama inavyokuwa kwenye kina kifupi cha tropiki, basi gamba limepunguza joto badala ya kuzidisha, na bahari ilikuwa ya moto zaidi ya hapo. Kama kulikuwa na mto karibu, ilikuwa na joto pungufu. Wanyama wa jamii hii wa leo wakifika 40 wanakuwa ukingoni mwa uvumilivu wao, kwahiyo mimi nafasi ya kupanda juu zaidi naiona ndogo, na kitu cha kwanza ninachokitafuta kwenye gamba kama hilo ni mstari uliobanana katikati ya kiangazi, pale mnyama alipozidiwa na joto akaacha kujenga kwa siku kadhaa, kwa sababu siku hizo gamba halikuandika chochote.